Eugène Ameingia kwenye Mahindi

Habari ilifika kwa Mama Clotilde saa nne asubuhi, imebebwa mikononi na Osée kama mtoto mwenye homa. Osée sisi tunamwita Dépêche, yaani taarifa ya haraka. Redio yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na betri zake huanikwa juani kila asubuhi kama samaki ili zipate nguvu ya taarifa moja. Siku hiyo zilipata nguvu ya nusu taarifa, na ile nusu ndiyo iliyotutesa.

“Bantu ya Katuba!” alipiga kelele kabla hajafika kwenye benchi. “Muache bukari, ugali yenu! Muache munkoyo! Zambie banakatala mahindi ya musaada!”

“Banakatala juu ya nini?” Mama Clotilde aliuliza huku akichuja munkoyo, maana yeye hata vita haijawahi kumwachisha kuchuja.

“Juu bazungu balitia Eugène ndani.”

“Balitia nani?”

“Eugène! Mu mahindi! Nilisikia na masikio yangu mbili. Muzungu wa mu redio alisema polepole, na Français ya muzuri kabisa: ‘On y a introduit Eugène.’ Kiisha batri ikakufa.”

Benchi la Mama Clotilde ni ubao mmoja juu ya mataruma mawili ya reli. Mbele yake liko pipa la munkoyo, ule uji wa mahindi unaotiwa mizizi mpaka ugeuke kinywaji, na nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta, uko mtungi wa udongo uliozikwa nusu katika mchanga wenye maji. Mwaka huo wa 2002 vita vilikuwa vimeikata nchi mapande mawili, treni zilikuwa zimelala, umeme ulikuja kama mgeni asiyevua viatu, na mtungi ule ndio uliokuwa friji ya mtaa wetu wa Katuba. Humo ndimo Papa Léonard alimohifadhi dawa yake.

Papa Léonard tunamwita Chef de Gare, mkuu wa stesheni, ingawa kwenye reli alikuwa mfunga breki. Ni mtu wa Kongolo, Mkatoliki wa kushika rozari hata akienda chooni. Ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alikuja kwenye mtungi, akatoa chupa yake ya insulini, akaingia nyuma ya pazia, akajidunga, akatoka na kuketi kama mtu aliyetoka kuungama. Lakini chupa ya mwisho ilikuwa imeisha juzi. Tangu hapo alikuwa anakunywa maji kama gari lenye rejeta iliyotoboka, anakimbilia chooni kati ya sentensi moja na nyingine, na mguu wake wa kushoto, alisema, ulikuwa unatembea na sisimizi ndani. Binti yake Précieuse, ambaye ni muuguzi, alitoka alfajiri kuzunguka maduka ya dawa ya mji mzima. Sote pale benchini tulijua: asipoipata leo, kesho tutambeba kwenye mkokoteni mpaka hospitali, na hospitali yenyewe haitakuwa na cha kumpa isipokuwa kitanda.

Wa mwisho pale alikuwa Vital, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Tunamwita Tonnage, kwa sababu hata akikusalimu anakusalimu kwa tani. Ghala lake liko ng'ambo ya barabara, limejaa unga wa mahindi kutoka Zambia. Kwa hiyo habari ya Dépêche ilimpata tumboni moja kwa moja.

“Weye Dépêche, funga kinywa!” alisema akisimama. “Bunga yangu ilivuka mupaka ya Kasumbalesa jana tu. Ukisema vile mbele ya bamama, nani atanunua?”

“Haiko miye nilisema. Ni redio.”

“Na Eugène gani kwanza?” Mama Clotilde aliuliza. “Ule wa kunyoa bantu ku rond-point?”

“Ule eko na mafuta mingi ku kichwa,” Dépêche alisema. “Mahindi ingeteleza.”

“Basi Eugène wa chorale.”

“Ule munene? Mama, banamutiaje mu muhindi moja? Labda mu gunia muzima, na bado miguu itabakia inje.”

“Na haiko vile tu,” Dépêche aliendelea, akainua kidole. “Ile mahindi iko na jina yake: O-G-M. Munayua maana yake? On Gagne la Mort. Unakula, unapata kifo.”

Tulicheka mpaka ubao ukayumba. Aliyekuwa hacheki ni Chef de Gare. Alikuwa ameweka kopo lake chini, na midomo yake mikavu ilikuwa inasogea bila sauti.

“Eugène,” alisema mwishowe. “Mujomba yangu.”

“Mujomba gani tena, Papa Léonard?”

“Ndugu mudogo ya mama. Miye nilikuwa mutoto, tuko mu camp ya reli, mbele ya kupata Indépendance. Magaribi moja mama alimutuma akamate kuni ya kupika. Alitoka na kamba ku bega. Mpaka leo hayarudia.”

“Batumbula,” Mama Clotilde alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba na chujio mkononi.

Hakuna mtoto wa Katuba ambaye hakutishiwa batumbula ili anywe uji wake. Wazee wanasimulia kwamba zamani walikuwapo watu waliomvizia mpita njia, wakamdunga kitu, akapoteza sauti, akaota nywele ngumu mgongoni, akawa nguruwe. Kisha walimfungia, wakamnenepesha, akaishia kwenye sahani ya wakubwa. Hakuna aliyewahi kuona hata mmoja, lakini kila ukoo una ndugu aliyechukuliwa nao.

“Sasa basi tunayua fasi alienda,” Dépêche alisema. “Balimugeuza, kiisha balimusaga.”

“Nyamaza, weye!” Mama Clotilde alimkemea.

Chef de Gare alisimama, akashika rozari.

“Muskie bote. Naapa mbele ya Mungu na mbele ya hii munkoyo: akuna kintu yenye Eugène itaingia mu mwili yangu. Haiko mu kinywa, haiko mu sikio, haiko mu fasi yoyote. Siwezi kula mujomba.”

“Amina,” alisema Dépêche, akatazama kopo la mzee. “Lakini hii munkoyo unakunywa, ni ya mahindi ya wapi?”

Chef de Gare aliutazama uji wake kama mtu anayetafuta sura ndani ya kisima.

“Mahindi yangu ni ya Lukafu!” Mama Clotilde alifoka. “Ndugu yangu njo analima! Mahindi ya Lukafu haina Eugène, haina ata mbolea!”

Vital hakungoja zaidi. Alivuka barabara, akarudi na ubao na kipande cha makaa, akanigeukia.

“Weye mwenye diplôme, Eugène inaandikwa namna gani?”

Nikamtajia herufi. Diploma hupata kazi yake siku yoyote. Akaandika kwa herufi za kuonekana toka mbali: BUNGA BILA EUGÈNE. Akautundika juu ya mlango wa ghala, akafuta jasho.

“Sasa,” alisema, “Katuba ilale.”

Ndipo Précieuse alipotokea kwenye kona. Alikuwa ametembea kwa miguu toka mtaa wa Bel-Air, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Mkono mwingine aliuinua juu kama mtu aliyeshinda kura, na mkononi kulikuwa na kisanduku kidogo cheupe.

“Papa, nimeipata! Moja tu mu muji muzima, balikuwa nayo chini kabisa ya frigo. Kuya, tudunge mbio mbele ijotoke.”

Dépêche, ambaye hawezi kuona herufi bila kuzitangaza, alikitwaa kisanduku na kusoma kwa sauti ya taarifa ya saa mbili:

“In-su-li-ne. Hu-mai-ne.”

Shingo zote zilinyooshwa juu ya kisanduku.

“Humaine?” alisema Vital. “Humaine si muntu?”

“Balikamua muntu!” Mama Clotilde alilia. “Yesu, balimukamua kama chungwa!”

“Akuna mwenye alikamuliwa,” Précieuse alisema, akakinyang'anya kisanduku. “Inatengenezwa na mikrobe. Bantu ya masomo banakamata un gène ya muntu...”

“Eugène!” tuliruka wote.

“Haiko Eugène. Un gène.”

“Njo tunasema: Eugène.”

“Un. Gène.”

“Eu. Gène,” Dépêche alirudia, akikata hewa kwa kiganja. “Tunaelewana kabisa.”

Précieuse alinitazama kama anayezama. Nikaokota kijiti, nikaandika maneno yote mawili vumbini, jeni na jina la mtu, moja juu ya jingine: *un gène*, *Eugène*. Chef de Gare aliinama, akayapima kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua breki.

“Hii ya juu iko na nafasi katikati,” alisema.

“Njo vile, Papa. Ni maneno mbili.”

“Ni fasi balimukata.”

Akarudi kuketi. Aliketi vibaya, nusu ya mwili nje ya ubao, na Vital akamshika bega. Précieuse alimkaribia, akanusa pumzi yake, na uso wake ukabadilika.

“Papa, kinywa yako inanuka mapera ya kuoza. Unayua ile ni nini? Ni damu yako inageuka siki. Bila sindani, magaribi haitakukuta muzima.”

“Niliapa.”

“Uliapa kwa nani?”

“Kwa Mungu na kwa munkoyo.”

“Mungu atakusamehe.”

“Na munkoyo?” Dépêche aliuliza.

Précieuse alichuchumaa mbele ya baba yake. Yeye ni mtu wa hasira, kule wodini wanamwita Sindani hata siku asiyoshika sindano, lakini safari hii alivuta pumzi kwanza.

“Papa, sikia. Gène haina kichwa, haina miguu. Ni recette, maandishi ya kufundisha mupishi. Baba na mama banakuachia ma-recette mingi mu damu. Moja inasema pua ikuwe kubwa. Ingine inasema macho ikuwe vile. Na kuko moja inafundisha tumbo kupika insulini.”

“Pua ya Dépêche ilisoma recette yake mara mbili,” Vital alisema.

“Yako njo haiyui kusoma!”

“Muache nimalize! Basi, bantu ya masomo banaandika ile recette ya insulini tena, banaipatia mikrobe. Ni kadudu kadogo, jicho haiwezi kukaona. Kadudu kanasoma, kanaanza kupika. Kanapika usiku, kanapika mchana, hakaombe ruhusa. Kiisha banachuja. Kadudu kanatupwa, insulini inabakia. Mama Clotilde, weye munkoyo unafanyaka namna gani?”

“Ni kazi ya kuyua,” Mama Clotilde alisema, akajinyoosha. “Unapika uji, unatia mizizi, mizizi inatumika usiku muzima, asubui unachuja.”

“Na mizizi inabakia mu kopo?”

“Mu kopo yangu?” Chujio liliinuka kama silaha. “Nani alishakuta muzizi mu kopo yangu? Atoke! Aseme jina yake!”

“Basi njo vile na kadudu.”

Mama Clotilde alishusha chujio. Ilionekana wazi kwamba tangu dakika hiyo ameanza kumheshimu yule kadudu kama mwenzake wa kazi.

“Na mahindi?” Vital aliuliza kwa sauti ndogo, jicho kwenye ghala lake.

“Namna moja. Ile O-G-M ni mahindi banapatia recette ya kuua kiwavi mwenye anatoboaka bua. Mulimaji hanunue tena dawa ya kupuliza.”

“Ile njo Zambie banakatala?”

“Njo ile. Banaogopa itachanganyika na mbegu yabo, kiisha habatayua kuitoa. Bantu ya masomo beko upande ule, bantu ya masomo beko upande huu, banabishana.”

“Sawa vile siye,” alisema Dépêche.

“Sawa vile nyinyi, lakini bao banatia kadudu mu chupa, banaangalia mbele ya kusema.”

“Subiri.” Mama Clotilde alikuwa ameketi sasa, jambo ambalo halijatokea tangu pipa lizinduliwe. “Kama banaweza mahindi, banaweza muhogo? Ku Lukafu majani ya muhogo inajikunja kama masikio ya mbwa mwenye alipigwa. Ndugu yangu anachimba, anapata mizizi kama vidole ya mutoto. Shamba muzima! Mwaka huu banakula majani, mwaka kesho batakula nini? Jembe?”

“Banatafuta, Mama. Kuko bantu banatafuta recette ya muhogo mwenye haukamate ile magonjwa.”

“Batafute mbio!”

“Na bakimaliza muhogo bapite kwetu,” Vital alisema. “Minakuapia, ku Kivu kuko migomba inatoa usaha ya manjano. Mugomba inasimama asubui kama bwana harusi, juma haiishe, imeoza. Bapite tu, nitabapatia lifti mu kamyo.”

Mambo yakageuka. Ubao mzima uliokuwa umeapa kumkimbia Eugène ukaanza kumtumia kazi.

“Miye nataka mahindi yenye recette ya nyuki,” alisema Dépêche. “Askari wa barrière ya barabara akiingiza mukono mu gunia, gunia inamuluma.”

“Na bunga yenye recette ya kinyonga!” Vital alipiga paja. “Ikifika ku barrière inageuka muchanga. Askari anaangalia, anasema, pita na uchafu yako. Ikivuka, inakuwa bunga tena.”

“Kuku yenye recette ya tembo,” alisema Mama Clotilde. “Mwizi aje aibebe, tuone.”

“Na reli?”

“Reli bapatie recette ya mujusi. Mukia ikikatwa, inaota tena.”

“Mushahara ya Chef de Gare njo ya kuanza nayo! Balikata kichwa, balikata mukia, haiote ata kidogo!”

Hapo hata Chef de Gare alicheka. Alicheka kwa sauti kavu ya gurudumu lisilo na mafuta, kisha kicheko kikamkatikia katikati, akasimama kwenda chooni, akakosa mlango, akashika ukuta. Précieuse alimfuata. Waliporudi, yeye ndiye aliyekuwa anatembea kwa ajili ya wote wawili.

Jua lilikuwa limevuka utosi.

“Papa,” Précieuse alisema, na sasa machozi yalikuwa karibu, ingawa sauti ilikuwa ya ugomvi. “Ile insulini ya zamani, yenye ulikuwa unajidunga hizi miaka yote bila kuapa, unafikiri ilikuwa ya nini?”

“Ya pharmacie.”

“Ilikuwa ya nguruwe.”

“Ya nani?”

“Ya nguruwe! Balikuwa banaitoa mu tumbo ya nguruwe, pa kichinjio, banaisafisha, banatia mu chupa. Na ilikusaidia. Njo maana ungali hapa unanisumbua.”

“Nguruwe,” alisema Chef de Gare. “Miye.”

“Njo maana mvua ikinyesha unafurai,” Dépêche alisema. Ulimi wake haujui msiba.

Lakini Mama Clotilde alikuwa anafikiri. Tuliona wazo likipanda usoni mwake polepole, kama uji unavyopanda sufuriani kabla ya kufurika.

“Papa Léonard,” alisema. “Batumbula balikuwa banageuza muntu kuwa nini?”

“Nguruwe.”

“Na mujomba yako balimukamata nani?”

“Batumbula.”

“Na ile dawa ya zamani ilitoka mu nini?”

Vital alivua kofia. Précieuse aliweka kisanduku chini na kuufunika uso wake kwa viganja viwili. Nafikiri alikuwa anaikumbuka miaka yake yote ya masomo, mmoja mmoja.

“Mama Clotilde,” alisema kutoka nyuma ya viganja, “nakuomba.”

“Miye sikusema kintu. Nahesabu tu. Kama nguruwe ilikuwa Eugène, basi Eugène alishaingia zamani. Kiapo ilikufa mbele izaliwe.”

Rozari ilipita vidoleni mwa Chef de Gare, ikasimama. Alipozungumza, hakuzungumza nasi.

“Précieuse. Hii recette yenye balipatia kadudu. Balikamata mu mwili ya nani?”

“Siyui jina, Papa. Na ata ningeyua haina maana. Ile recette ni moja mu bantu bote. Miye niko nayo. Mama Clotilde eko nayo. Patron Vital eko nayo.”

“Ata bantu ya Butembo?”

“Ata bantu ya Butembo.”

“Ata bazungu?”

“Ata bao.”

“Ata mujomba alikuwa nayo?”

Précieuse alishusha mikono. Alikuwa amefungua kinywa kusema tena kwamba haiko Eugène, ni un gène. Nililiona neno likiwa tayari mdomoni. Akalimeza.

“Ata yeye, Papa. Ile ile. Neno kwa neno.”

“Na yangu ilienda wapi?”

“Yako ingali mu mwili. Recette iko, bapishi njo balikufa.”

Mzee akatikisa kichwa, taratibu, kama anayesikiliza treni ya mbali.

“Alitumwa kukamata kuni ya kupika,” alisema. “Alichelewa sana. Lakini kama anarudia, na anarudia kunipikia, haiko miye nakula mujomba. Ni mujomba ananilisha.”

Akaanza kukunja shati. Précieuse hakumpa nafasi ya kuongeza neno. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya pazia, tukasikia mfuniko wa chupa ukifunguka. Kisha sauti ya Chef de Gare, ile ya kupokea wageni:

“Mujomba, karibu. Nyumba imechakaa, lakini ingia. Kuni iko.”

“Usitikisike, Papa!”

“Namusalimia.”

Dépêche akapangusa pua kubwa kwa kiwiko na kusema kwamba ni vumbi. Mama Clotilde alimimina kopo, akasimama nalo, hajui ampe nani. Mzee alipotoka, alilinyooshea mkono.

“Patia hapa. Na utie sukari, vijiko tatu. Haiko yangu, ni ya mujomba, alitoka mbali.”

“Mujomba hakunywake sukari!” Précieuse alifoka kutoka nyuma ya pazia. “Kufukuza sukari njo kazi yake!”

Chef de Gare aliliangalia kopo, akalirudisha.

“Nilisahau,” alisema. “Alikuwa mukali tangu zamani.”

Juma halikuisha kabla sisimizi hawajahama mguuni. Kila asubuhi mzee alikuja kwenye mtungi, akatoa chupa, akabisha hodi kwa kidole kwenye kizibo, akaingia nyuma ya pazia. Kisha alizunguka Katuba nzima kwa miguu yake mwenyewe, akieleza kila aliyemsalimu kwamba hajambo, anaye Eugène ndani. Na Katuba, ambayo iliwahi kumwona akishikilia ukuta, ilimtazama akitembea, na ikahesabu kwa namna yake.

Tulikuwa benchini tena wakati kikundi cha kina mama kilipofika mbele ya ghala la Vital, mabeseni kichwani. Waliusoma ubao. Wakausoma tena. Mkubwa wao akashusha beseni.

“Patron, juu ya nini bila?”

“Bila nini, Mama?”

“Bila Eugène. Chef de Gare alitiwa Eugène, alisimama. Weye unatuletea bunga mutupu.”

“Mama, minakuapia, bunga yangu ni safi, haina...”

“Yenye Eugène unaipeleka wapi? Ku Bel-Air?”

“Ku batajiri!” walijibu wengine. “Siye ba Katuba tubakie na sukari yetu mu damu!”

Wakabeba mabeseni, wakageuka, wakaelekea kwa mfanyabiashara wa kona ya pili. Vital alibaki mlangoni na tani zake nyuma yake. Alitazama ubao. Alitazama mgongo wa kina mama. Kisha alilamba kidole gumba, akapanda juu ya gunia, akasugua.

Kina mama walirudi kabla makaa hayajakauka kidoleni mwake. Mchana gunia la mwisho lilikuwa linatoka kichwani mwa mtu.

Précieuse alipopita kutoka kazini, alisimama katikati ya barabara. Ubao ulisema BUNGA, kisha doa jeusi, kisha EUGÈNE.

“Patron Vital! Hii ni bongo, haiko kweli! Unawaandikia bantu bongo!”

“Bongo gani?” Vital aliinua mikono miwili, mmoja ukiwa na gumba jeusi. “Miye sikuandika kintu. Nilifuta.”

Précieuse alitugeukia kutafuta shahidi. Mimi nilikuwa nimeinama nikitafuta kijiti changu, Dépêche alikuwa anageuza betri, na Mama Clotilde alikuwa anachuja. Chef de Gare peke yake alinyanyuka, akavuka barabara bila kushika chochote, akasimama mbele ya gunia moja lililobaki kwa ajili ya nyumba ya Vital mwenyewe. Akavua kofia.

“Mujomba,” alisema kwa upole, “usijichokeshe. Kumbuka kesho asubui uko na kazi kwangu.”